Cheti cha Mlinzi wa Kompyuta na Thamani Yake Kazini



Mwezi Februari mwaka 2023 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa mwongozo mpya kuhusu watu wanaokabidhiwa kompyuta za majeshi yake. Kwa mpita njia hiyo ni karatasi nyingine tu ya ofisini. Lakini kwa askari wa mawasiliano, kwa mpelelezi wa polisi, na kwa yule anayehesabu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu huku akijiuliza atakula nini uraiani, mwongozo huo unastahili kusikilizwa, kwani unaonyesha cheti kinafaa nini na uwezo wake unakomea wapi.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Mwezi Desemba mwaka 2005 wizara hiyohiyo iliagiza kwamba kila mtu aliyepewa kazi ya kulinda mitambo yake ya kompyuta, awe mwanajeshi, awe mtumishi wa kiraia, awe mfanyakazi wa kampuni yenye mkataba, sharti awe na cheti cha utaalamu kinachotambuliwa. Mwanajeshi au mtumishi wa kiraia asiyekuwa nacho alipewa miezi sita akitafute. Vyeti hivyo havitolewi na jeshi. Hutolewa na vyama na makampuni yanayotahini watu wa mataifa mbalimbali, kama vile CompTIA na ISC2. Hapana shaka agizo lile liliongeza sana thamani ya vyeti hivyo, maana kampuni iliyotaka mkataba wa kulinda mitambo ya jeshi ililazimika kuajiri watu wanaovimiliki.

Je, ulinzi ulitengemaa? Mwaka 2008, miaka mitatu baada ya agizo hilo, flashi moja iliyobeba programu ya kijasusi ilichomekwa katika kompyuta ya jeshi la Marekani kwenye kambi moja ya Mashariki ya Kati. Programu hiyo ilijinakili yenyewe, ikahama kutoka mashine hadi mashine, ikapenya hata katika mitandao ya siri. Iliripotiwa kwamba kazi ya kuisafisha ilichukua miezi 14. Wenye vyeti walikuwako. Kilichokosekana siku ile si mtu wa kujibu maswali ya mtihani, bali mkono wa kuizuia flashi isiyojulikana isichomekwe.

Mwongozo wa mwaka 2023 umeiweka hatua ya kwanza kuwa msingi, nao hupatikana kwa elimu ya chuo, au kwa mafunzo yaliyokubaliwa, au kwa cheti. Hatua ya pili ni kupimwa papo hapo kazini, katika mitambo ileile ambayo mtu ataisimamia. Maana yake ni kwamba jeshi lililokuwa mteja mkubwa wa vyeti sasa limevihesabu kuwa mlango mmojawapo katika mitatu, na hata aliyekwisha kupita mlangoni bado hukaguliwa ndani.

Vyeti vyenyewe navyo havilingani. Askari yeyote aliyewahi kufika uwanja wa shabaha anajua kwamba kuzitaja sehemu za bunduki ni jambo moja, na kulenga ni jambo jingine. Mtihani wa Security+, ambao wengi huanza nao, una maswali yasiyozidi 90 kwa muda wa dakika 90. Mengi ni ya kuchagua jibu, na machache humtaka mtahiniwa atende. Ni kipimo kizuri cha anayeanza, na humfundisha lugha ya kazi. Mtihani wa OSCP ni wa namna nyingine kabisa. Mtahiniwa hupewa kompyuta za majaribio azivamie mwenyewe kwa saa 23 na dakika 45, huku akitazamwa kwa kamera, kisha hupewa siku moja aandike ripoti ya yote aliyoyafanya. Hapo kukariri hakumfikishi mtu mbali.

Cha tatu kiitwacho CISSP hutafutwa sana na wanaotaka uongozi. Kufaulu mtihani wake peke yake hakutoshi. Mtu hutakiwa athibitishe miaka mitano ya kazi yenye malipo katika fani zisizopungua mbili kati ya fani nane zilizowekwa, ingawa shahada ya chuo huweza kumpunguzia mwaka mmoja. Tena sharti adhaminiwe na mwanachama wa ISC2 au na ISC2 yenyewe. Aliyefaulu bila kuwa na miaka hiyo huwa mwanachama mshiriki, naye hupewa miaka sita ya kuitafuta. Baada ya hapo, kila miaka mitatu mwenye cheti hutakiwa aonyeshe saa 120 za kujiendeleza, la sivyo hunyang'anywa. Kwa maoni yetu thamani yake iko hapo hasa: mbele ya karatasi kuna miaka ya kazi, na nyuma yake kuna masomo yasiyokoma.

Tugeukie polisi. Sheria ya Miamala ya Elektroniki ya Uganda ya mwaka 2011 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kompyuta, iangalie kama njia iliyotumika kuutunza ni ya kuaminika. Mpelelezi aliyekamata kompyuta ya mtuhumiwa kisha akaiwasha “aone kilichomo” amekwisha kuugusa ushahidi, kwa sababu mashine inapowaka huandika mambo mapya ndani yake. Aliyefunzwa huchukua nakala kamili bila kuiwasha, akatumia programu inayotoa namba ya pekee kutokana na yote yaliyomo. Nakala ikibadilika hata herufi moja, namba haitalingana. Siku ya kesi wakili wa utetezi atamwuliza, “Wewe umefunzwa na nani?” Cheti ni jibu la swali hilo. Swali litakalofuata, juu ya alichokitenda usiku ule wa upekuzi, cheti hakiwezi kumjibia, na mwizi wa fedha za wajane huweza kutoka huru kwa kukosekana jibu lake.

Tena cheti hupima ujuzi, hakipimi uaminifu. Mwaka 2010 Edward Snowden alipata cheti cha udukuzi halali kilichotolewa na EC-Council, na mwaka 2013 akazitoa nje siri za shirika la ujasusi la Marekani. Mwaka 2014 tovuti ya EC-Council yenyewe ikavamiwa, na picha ya pasipoti ya Snowden ikabandikwa juu yake. Mwandishi wa maoni haya hana cheti hata kimoja cha aina hiyo, na hasemi hayo kwa kebehi.

Lipo suala la fedha. Ada ya mtihani wa CISSP ni dola 749, na ya Security+ imepita dola 400. Kwa mshahara wa koplo hizo ni karo za watoto. Ndiyo maana wauzaji wa maswali ya mitihani yaliyoibwa hupata wateja. Anayenunua maswali hayo hujitia hatarini kufutiwa cheti, na hata akiponea hapo, atakwama siku ya kwanza mezani kwa mwajiri.

Afadhali askari aanze na mtihani wa msingi baada ya kujifunza misingi ya mitandao, aombe kupangiwa kazi katika chumba cha mawasiliano au maabara ya upelelezi, na ile ada kubwa aiache hadi miaka yake ya kazi itimie. Kazi ya jeshini au polisi katika fani hizo huhesabiwa, mradi ithibitishwe. Kwa hiyo, kabla ya kuvua sare, na amwombe afande wake barua yenye tarehe, inayotaja mitambo aliyoisimamia na majukumu aliyoyabeba. Barua inayosema tu kwamba alikuwa askari mwenye nidhamu haitamsaidia katika jambo hili.