Kalamu Iliyoinuliwa

Ndugu zetu Waislamu, mtu akitenda kosa hali akili imemtoka, ahukumiweje?

Aliletwa mbele ya Sayyidna Umar (r.a.) mwanamke mwenye wazimu aliyezini, ikaamriwa apigwe mawe. Sayyidna Ali (r.a.) akawakuta njiani, akawarudisha, akamkumbusha Khalifa mafundisho ya Bwana Mtume (s.a.w.) kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka arudiwe na akili. Umar akakubali, na mwanamke yule akaachiwa.

Sheria ya nchi yetu nayo imeweka njia. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, hakimu akiona dalili za maradhi ya akili aweza kuisimamisha kesi na kuamuru mshtakiwa achunguzwe hospitali, kisha daktari huiletea mahakama taarifa ya maandishi. Wengi hupelekwa Dodoma, kwenye hospitali ya Mirembe iliyoanzishwa mwaka 1927, na Isanga iliyo chini yake. Huko Marekani, wilaya ya Broward, Florida, ilifungua mwaka 1997 mahakama maalumu ili wagonjwa wenye makosa madogo watibiwe badala ya kufungwa.

Lakini sheria humhesabu kila mtu kuwa mwenye akili timamu mpaka ithibitike vingine. Hakimu hakumwona kijana wako akizungumza peke yake usiku kucha, wewe ulimwona. Nasi huku Bukundi, mkoani Simiyu, kama kwingineko, twaona haya. Jamaa hunyamaza, wakichelea mabinti wa nyumba ile wasikose kuposwa. Haya hiyo yaweza kumtia kifungoni mtu asiye na dhambi mbele ya Mola wake.

Basi yatupasa nini? Mzazi afike mahakamani, aeleze maradhi yalianza lini, achukue vyeti vya zahanati na jirani aliyeshuhudia. Wala asimsingizie wazimu mwenye akili zake, maana ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa. Na bora zaidi, asingoje kosa litendeke. Kumfunga mgonjwa kamba uani si tiba. Tumsomee dua, na hospitali tumpeleke, kwani Bwana Mtume (s.a.w.) ametuamuru kujitibu.

Kalamu imeinuliwa kwa mgonjwa. Kwetu sisi tulio na akili zetu, ingali ikiandika.

Wabillahi tawfiq.