Panya Kizimbani na Chembe Kisahanini

Kwa miaka mingi dawa mpya ya saratani ilikuwa haimfikii mgonjwa mpaka panya wengi wafe kwanza. Kama njia hiyo bado yafaa ni swali ambalo twaona haliwahusu wataalamu wa ng'ambo peke yao. Wagonjwa wa Visiwani huvuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, nao hudungwa dawa zilizopimwa mbali sana na hapa.

Mwaka 1951, huko Baltimore, Marekani, chembe hai zilizotolewa katika uvimbe wa Bibi Henrietta Lacks, bila ya yeye kuombwa ruhusa, ziliendelea kuzaana maabarani zisikome. Tangu hapo majaribio juu ya chembe za binadamu katika kisahani yalienea. Mwaka 1990 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliacha kuchuja dawa kwa panya wenye saratani ya damu, ikashika aina 60 za chembe za saratani za binadamu: za mapafu, matiti, figo, utumbo na nyinginezo. Jibu hupatikana kwa siku chache, ilhali kumchunguza panya kama kemikali fulani itamletea saratani huchukua kiasi cha miaka miwili. Mwezi Desemba 2022 sheria ya Marekani iliondoa sharti la kila dawa kujaribiwa kwanza kwa wanyama.

Hatua hiyo twaiunga mkono, lakini si kwa kufumba macho. Kisahani hakina ini. Aflatoksini, sumu ya ukungu uotao katika mahindi na njugu zilizowekwa penye unyevu, huleta madhara yake makubwa baada ya ini kuigeuza. Ndiyo maana kipimo cha bakteria alichokitangaza Bruce Ames mwaka 1973 huchanganywa na maji ya ini, mara nyingi la panya. Nazo chembe za maabarani aghalabu hulishwa maji ya damu ya ndama ambao hawajazaliwa. Mnyama amefukuzwa sebuleni. Jikoni bado yumo.

Tena lipo lile ua dogo la waridi tulipandalo mbele ya nyumba, ambalo asili yake ni Bukini. Wataalamu wa Canada, Robert Noble na Charles Beer, waliyachunguza majani yake yaliyotoka Jamaica kwa kusikia kuwa yanatibu kisukari. Sukari ya panya haikushuka. Zilizoshuka ni chembe nyeupe za damu. Kutoka hapo, katika miaka ya 1950, ikapatikana vinblastini, dawa ya saratani. Aliyekuwa akitafuta kisukari katika kisahani asingeliona jambo hilo.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni wauza dawa wanaotamba kwamba mti wao "umeua saratani maabarani". Siki nayo huua chembe kisahanini, na chumvi nyingi pia. Twawaomba wakubwa wanaohusika na afya, kabla ya kuruhusu tangazo la namna hiyo, wamwulize mwenye dawa: ni chembe zipi, kwa kipimo gani, chembe nzima zilisalimika, na yuko binadamu aliyechunguzwa kitaalamu? Asiyekuwa na majibu, tangazo lake lisisikike redioni.