Ufa ku ukuta wa tofari bichi: pima kwanza, ziba kisha

Hapa Kalemie nyumba nyingi zimejengwa na tofari bichi. Tofari hiyo ikilowa, inarudi kuwa udongo tu. Mara nyingi ubaya unaanzia chini: maji ya mabati inaanguka karibu na ukuta, inaruka, inakula mguu wa nyumba polepole.

Ukiona ufa, usiuzibe mbio. Ingiza misumari mbili, moja kila upande. Kata kijiti kienee sawasawa katikati yao. Kila wiki, zaidi kisha mvua, kirudishe pale. Kikilegea, ufa unapanuka: ita masoni, na watoto wasilale upande ule.

Kikienea vile vile hata kisha mvua kubwa, safisha ufa, uloweshe kidogo, jaza udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu. Simenti haishikamani vizuri na udongo. Inabanduka na kufungia maji ndani.

Halafu chimba mfereji mdogo pale maji ya mabati inaangukia, uyapeleke mbali na nyumba. Lakini si kwa jirani: ukuta wake pia ni udongo.