Kamera yako ina bima, ama una maombi tu?

Niliacha chuo nikashika kamera, na harusi za Jumamosi ndizo zilizonilipia kodi ya nyumba. Halafu siku moja begi likaibwa ndani ya gari. Sikuwa na bima. Nilikaa miezi nikikodisha kamera za wenzangu.

Wewe usingoje hivyo. Bima ya vitu vya nyumbani mara nyingi haigusi kamera ya kazi. Itisha ile ya hatari zote, inayofuata kifaa hadi nje ya studio. Kisha uliza: nikiiacha kwenye gari bila mtu, nitalipwa? Mara nyingi jibu ni hapana. Droni je, imo?

Risiti na nambari za siriali zitume kwa imeili yako, zisikae begini. Ukiibiwa, ripoti polisi upesi, uchukue abstrakti.

Kazi ni kamera, buda. Ilinde.