Fahamu: Kwa nini jua la Dodoma ni hatari kwa mtoto mwenye ualbino

Juni, hapa Nkuhungu, Dodoma, huvuma upepo wa baridi na wazazi wengi hudhani jua limepoa. Sivyo. Kinachounguza ngozi ni mionzi ya urujuanimno, si joto. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda juu ndivyo mionzi hiyo inavyozidi.

Nani yuko hatarini zaidi?
Mwenye ualbino, kwa kuwa ngozi yake haina rangi ya melanini ya kutosha kuikinga.

Dalili za saratani ya ngozi ni zipi?
Kidonda kisichopona kwa mwezi, au gamba gumu usoni, masikioni, shingoni au mdomoni. Saratani ya ngozi ikiwahiwa mara nyingi hutibika.

Ajikinge vipi?
Avae mikono mirefu na kofia pana; kapelo huacha masikio na shingo wazi. Akwepe jua la saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Apake losheni ya kukinga jua, kama Kilisun inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya wenye ualbino.

Walimu, msimvue mtoto huyu kofia kwenye paredi. Hiyo ni kinga yake, si urembo.