Mfanyakazi Anapougua

Fungueni madaftari, maana leo tutapiga hesabu kidogo.

Wazee wetu wa Tabora walijua kazi ya upagazi. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walichukua pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, mwendo wa miezi. Mpagazi akishikwa na ndui njiani, mzigo wake alipewa mwingine, naye huenda akaachwa kijijini, au porini. Baadaye vijana wakaenda Tanga kukata mkonge. Huko walipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku uliyolala mgonjwa haikuandikwa, na isiyoandikwa haikulipwa.

Siku hizi iko sheria. Inaitwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nayo ni ya Tanzania Bara; Zanzibar wana yao. Inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara mzima. Siku 63 zinazofuata analipwa nusu.

Tuseme fundi wa kiwanda ameugua siku 90. Siku 63 ni za mshahara mzima. Toeni 63 katika 90, zinabaki 27. Hizo ni za nusu mshahara. Toeni tena 90 katika 126. Amebakiwa na siku 36 mpaka miezi yake 36 itimie. Lakini angalieni: Jumapili na sikukuu zilizo ndani ya likizo nazo huhesabiwa. Wengi hukosea hapo.

Nani anastahili? Aliyefikisha miezi 6 kazini. Mwenye ajira ya msimu, kama wakati wa tumbaku kule Urambo, hakusahauliwa: sheria imemtaja wazi kuwa naye ana haki. Na anayeitwa mara kwa mara na mwajiri yule yule, miezi yake ya mwaka mmoja hujumlishwa. Ikizidi 6, naye yumo.

Sasa jambo la cheti. Bila cheti cha daktari aliyesajiliwa, au cha tabibu mwingine ambaye mwajiri amemkubali, mwajiri halazimiki kukulipa. Usimtume mtoto aseme tu, "Baba anaumwa." Peleka karatasi, nawe ubaki na nakala.

Je, mwajiri, yule ambaye zamani tulimwita tajiri, aweza kukuachisha kwa ugonjwa? Si kwa kusema tu, "Nenda zako." Ni lazima awe na sababu ya haki na afuate utaratibu: atazame maneno ya daktari, ugonjwa ni wa muda au wa kudumu, na kama ipo kazi nyepesi unayoiweza. Siwafichi: ugonjwa usiokuruhusu tena kufanya kazi waweza mwishowe kuwa sababu halali. Lakini malaria ya wiki mbili, yenye cheti, ni jambo jingine kabisa.

Ukiachishwa bila haki, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Jaza Fomu Namba 1, na mwajiri apate nakala. Ukikaa nyumbani miezi 3 ukingoja aone huruma, siku zako zimepita.

Kazi ya nyumbani: mpishi wa shule, mwenye miaka 2 kazini, ameugua siku 70 na cheti anacho. Andikeni siku za mshahara mzima, siku za nusu, na siku zilizobaki.