Mto Hauna Ahadi na Mtu
Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika, na katika mafuriko ya siku zile watu wasiopungua 40 walipoteza maisha jijini Dar es Salaam. Je, wajua maana ya “mafuriko ya miaka 100”? Si kwamba yakipita leo utalala salama karne nzima. Wataalamu hupima kina, upana na mwendo wa maji, huandika kilele cha kila mwaka, kisha hukadiria. Mafuriko hayo yana nafasi 1 katika 100 kila mwaka. Kwa nyumba utakayokaa miaka 30, hatari hufikia 26 katika 100. Kabla ya kununua kiwanja bondeni, uliza maji yaliwahi kufika wapi; wanao ndio watakaolala humo.